Haukuwa mtandao

"Kaka, mtandao unasumbua tena."

Simu ya karani wa mizani ilikuwa ikiingia kila siku baada ya saa tisa alasiri, na nyuma ya sauti yake nasikia honi za malori. Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho umepamba moto Mtwara. Kampuni ninayoifanyia kazi, ambayo sitaitaja, hupokea mzigo kutoka vyama vya msingi: unapimwa, unapangiwa daraja, stakabadhi inatolewa. Stakabadhi isipotoka lori haliondoki, na la nyuma yake haliingii.

Mtandao niliupima siku ile ile ya kwanza. Kutoka ghalani hadi kwenye seva na kurudi, milisekunde 3. Prosesa ya seva ilikuwa inatumika asilimia 12. Diski zilikuwa zimejaa asilimia 61. Kwa kila nilichokuwa nakiangalia, mwenye tatizo alikuwa karani peke yake.

Hapo nikajishtukia. Miaka mitatu najiita msimamizi wa mfumo wa kuhifadhi data, kumbe kazi yangu ilikuwa kuhesabu nafasi iliyobaki. Ghala linaweza kuwa nusu tupu na malori yakalala nje, kwa sababu mlango ni mmoja na makuli ni wanne. Mlango ndio sikuwahi kuupima.

Seva yetu ni ya Linux, kwa hiyo nilianza na iostat, programu ya kupima kazi za diski, nikaiacha iandike kila baada ya dakika tano: maombi mangapi kwa sekunde, kila ombi linasubiri muda gani, foleni ina urefu gani. Kesho yake nikasoma. Wastani wa kusubiri jioni: milisekunde 22. Si wa kujivunia, lakini si wa kumfanya mtu aache chai yake. Nikamwambia karani diski ni nzima. Hilo neno lilinirudia baadaye.

Kosa lilikuwa kwenye ule wastani. Mfumo wetu husoma mara nne kwa kila mara moja inayoandika. Nilipotenganisha kusoma na kuandika, na kupima kila sekunde kumi badala ya dakika tano, picha ikageuka: kusoma kulichukua milisekunde 5, kuandika 90. Piga hesabu, nne za 5 na moja ya 90, gawanya kwa tano, unapata 22 ile ile niliyoisifia. Na karani kazi yake yote ni kuandika. Stakabadhi moja huandikwa mara kadhaa, uzito, daraja, chama, salio la ghala, na kila hatua inangoja iliyotangulia imalizike.

Nikachukua kalamu. Kabati letu la diski lina diski sita za kuzunguka mara 10,000 kwa dakika. Diski ya namna hiyo ukiikadiria kwa maombi 130 kwa sekunde hujaionea, kwa hiyo sita zinabeba kama 780. Ila tumezipanga kwa RAID 5, mpangilio unaofanya diski moja ikifa data isipotee, na humo kila kuandika kudogo ni kazi nne: isome data ya zamani, isome paritii ya zamani (hesabu ya akiba ya kurudishia data iliyopotea), iandike data mpya, iandike paritii mpya. 780 gawanya kwa 4 ni 195. Jioni za msimu tulikuwa tunadai kuandika zaidi ya mara 150 kwa sekunde, na kusoma nako kunataka fungu lake. Tulikuwa ukingoni.

Swali likabaki: kwa nini asubuhi, mzigo ukiwa karibu ule ule, kuandika kunachukua chini ya milisekunde 1? Jibu la nusu nililijua. Kontrola, kifaa kinachosimamia diski, ina kashe yenye betri, yaani kumbukumbu ya muda iliyo ya haraka kuliko diski. Data ikifika kwenye kashe, seva inaambiwa "imeandikwa", na diski zinajazwa taratibu baadaye. Betri ikiwa na shaka, kontrola haithubutu: kila kitu kinaenda moja kwa moja kwenye diski, na seva inangoja.

Nikafungua daftari la matukio la kontrola. Kila siku ujumbe ule ule: joto la betri limepanda, kashe ya kuandika imezimwa. Saa 12:10. Ujumbe huo nilishauona tangu siku ya pili nikaupuuza, kwa sababu saa 12:10 mchana hakuna aliyelalamika. Nilikaa nao siku nne nzima kabla sijaangalia saa ya kontrola yenyewe. Ilikuwa kwenye saa za Greenwich, saa tatu nyuma yetu. Saa 12:10 yake ni 15:10 yetu, saa tisa na dakika kumi alasiri. Nilicheka peke yangu, si kwa furaha.

Chumba cha seva ukuta wake unaangalia magharibi. Jua la Novemba linaupiga kuanzia saa nane, na kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kuliko kutoa baridi.

Bosi wangu, mama wa uhasibu, akauliza: "Hakuna namna ya kuilazimisha hiyo kashe?"

"Ipo, Mama. Lakini umeme ukikatika, stakabadhi zilizokuwa humo zinapotea. Mkulima atakuwa na karatasi mkononi ambayo mfumo hauijui."

Akanyamaza kidogo. "Acha, basi."

Wiki ile umeme ulikatika mara mbili.

Betri mpya iliagizwa Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Tulipokuwa tunaisubiri nikafunga pazia zito ukutani, nikaweka feni ndani ya chumba, nikahamishia bakapu na ripoti za mchana usiku wa manane ili mlango uachiwe karani. Fundi wa kiyoyozi alikuja siku ya tatu baada ya simu nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Sasa nina michoro michache tu inayonishughulisha: muda wa kuandika, muda wa kusoma, urefu wa foleni, joto la betri. Kila mmoja naulinganisha na saa ile ile ya wiki iliyopita, maana Aprili na Novemba hapa kwetu ni mifumo miwili tofauti. Kuandika kukizidi milisekunde 20 kwa dakika mbili mfululizo, napata ujumbe kwenye simu. Na vifaa vyote, hadi kontrola, vinasoma saa moja.

Karani wa mizani bado anasema mtandao unasumbua, hata printa ikiishiwa karatasi. Nimeacha kumrekebisha. Natazama kwanza mchoro wa kuandika, halafu ndiyo napokea simu.