Siku moja ya diwani wenu: mtaro, ukuta na kikao kilichochelewa

Ndugu zangu wakazi wa kata yetu, mara nyingi naulizwa, tena kwa kejeli, diwani anashindaje mchana kutwa. Gari la serikali sina. Mshahara sina, diwani analipwa posho ya mwezi, na posho ya kikao akihudhuria kikao. Ofisi nayo sina, ile meza mnayonikuta nayo pale ofisi ya kata ni ya mtendaji, akirudi nampisha. Kwa hiyo leo sileti ile taarifa ya kawaida ya "tumefanya hili, tunatarajia lile". Nawaandikia Jumatano iliyopita yote, siku moja baada ya ile mvua kubwa, na humo humo mtaona mambo yenu yamefikia wapi.

Saa 11 alfajiri simu imeshaanza. Wa kwanza: maji yameingia ndani, mtaa wa bondeni. Wa pili: msiba, mzee wetu mmoja amefariki usiku, mazishi saa 10 jioni. Wa tatu anataka nimrudishie umeme. Umeme ni TANESCO, na namba ya dharura nimemtumia, lakini kanijibu, "Sisi tulimchagua diwani, hatukuichagua TANESCO." Mtu akikwambia hivyo saa 11 alfajiri utamjibu nini? Nikaswali, nikaweka maji ya chai.

Saa 12 na nusu kibarazani wameshajaa. Huyu anataka barua ya utambulisho (inaandikwa na serikali ya mtaa, si mimi), yule anafuatilia kitambulisho cha taifa, mwingine kaleta kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa shemeji yake. Chai imepoa. Nimeinywa hivyo hivyo nimesimama.

Saa 2 nilikuwa ofisi ya kata na mtendaji, tunapitia taarifa ya robo mwaka ya kata itakayokwenda baraza la madiwani. Darasa lile mlilolijenga kwa nguvu zenu mpaka kwenye lenta limo humo, na ombi la bati na mbao limeandikwa upya kwa takwimu za mwalimu mkuu.

Saa 3, mtaroni. Hapa mnivumilie, maana hapa ndipo siku yangu ilipoliwa.

Mtaro wa bondeni mnaujua. Unapokea maji ya mitaa yote ya juu, unapita nyuma ya nyumba, unashuka kuelekea mto Msimbazi. Nilikwenda na mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa mtaa na bwana afya. Tulianzia kwa mama mmoja ambaye kitanda chake amekipandisha juu ya matofali, mawili mawili kila mguu. Ukutani maji yameacha mistari, mmoja juu ya mwingine, na anaweza kukuambia upi ni wa mvua ipi. Magodoro kayaanika juu ya bati. Hakulalamika, ila alimuuliza mwenyekiti, "Mmekuja kuangalia au mmekuja kufanya?" Tukafuata maji yalikosimama.

Yalisimama kwenye fensi ya tofali, imepigwa plasta vizuri, ina geti jeusi. Kuanzia pale mtaro haupo. Umejaa matope meusi, chupa za plastiki, kandambili na pampasi, na upande wa pili wa fensi kuna bustani ya mchicha.

Mwenye nyumba alitoka na msuli, mswaki mdomoni. Tukamwamkia, akaitikia vizuri tu. Akanitazama mimi peke yangu, kana kwamba wale wenzangu watatu hawapo.

"Mheshimiwa, wakati wa kampeni ulikaa kwenye kibaraza hiki hiki. Ukanywa juisi ya ukwaju."

"Kweli mzee wangu, na ilikuwa tamu. Leo nimekuja kwa ajili ya mtaro."

"Mtaro gani? Hapa hapajawahi kuwa na mtaro. Hapa maji yalikuwa yanapita tu."

Mwenyekiti akakunjua nakala ya ramani ya mipango miji. Mnakumbuka zoezi la urasimishaji, tulipokaa mtaa mzima pale uwanjani, kila mmoja akakubali kutoa kipande cha ardhi ili njia na mitaro vipatikane, tukasaini, wapimaji wakaja kupanda bikoni, yale mawe ya mipaka. Kwenye karatasi ile mtaro upo. Saini ya mzee nayo ipo, kaiandika kwa wino wa bluu. Akaichukua ramani, akaigeuza juu chini, akaisogeza mbali na macho, akaomba miwani. Miwani ikaenda kuletwa. Dakika nyingi zikapita mtoto akiitafuta, sisi tumesimama kwenye tope. Ilipoletwa akaivaa, akasoma, akairudisha ramani.

"Hii ramani imechorwa na watu ambao hawakai hapa."

Tukatafuta bikoni. Mwenyekiti alikumbuka ilipokuwa, karibu na mwembe. Kijana mmoja akachimba kwa jembe, akagonga zege. Bikoni ilikuwa chini ya msingi wa fensi, kichwa chake chenye chuma kinaonekana kidogo tu kando ya saruji. Nikamwonyesha mzee. Akainama, akaiangalia kwa muda.

"Mheshimiwa, bikoni huwa zinatembea. Ardhi ya bondeni hii, inavutwa na maji."

Majirani wakacheka. Hapo ndipo alipokasirika, na kumbe kicheko kilikuwa hatari kuliko ramani. Akaanza tangu alivyonunua eneo mwaka gani na kwa nani, nani aliyeshuhudia, mjumbe gani aliyeandika mauziano, kwamba alipofika hapa palikuwa pori, na kwamba sisi wote tumemkuta. Akamtaja jirani wa juu aliyejenga choo karibu na njia, na yule wa kona mwenye kibanda cha chipsi. Kwa nini hatukuanza na hao? Umati umeshakua. Vijana wanapiga kelele, "Diwani, weka X! Weka X leo leo!", yaani ile alama nyekundu ya nyumba za kubomolewa. Wengine wamenyanyua simu wanarekodi.

Nawaambia hapa nilichowaambia pale, kwa kuwa wengi hamkunisikia kwa kelele: diwani habomoi. Sina rangi nyekundu, sina tingatinga. Mtendaji na bwana afya wanatoa ilani ya maandishi, idara ya mipango miji inakuja kupima na kuthibitisha, na mwenye nyumba akikaidi, hatua zinachukuliwa kwa utaratibu. Ukibomoa kwa hasira za umati, kesho mzee anakwenda mahakamani, anashinda, na mtaro unabaki umeziba kwa amri ya mahakama. Kijana mmoja alinizomea. Sawa. Mvua ikinyesha usiku, kwao hakuingii maji, na anayepata shida ni yule mama wa matofali.

Mzee akaja na pendekezo. Atatoboa fensi, aweke bomba la inchi nne, maji yapite. Bwana afya, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akamwonyesha kwa mikono upana wa mtaro kule juu, halafu akamwonyesha upana wa bomba. Akamuuliza pampasi moja ikinasa mle ndani nani ataitoa. Mzee akasema yeye mwenyewe ataitoa. Usiku wa manane? Ndiyo, usiku wa manane. Tukarudi tena kwenye juisi ya ukwaju, kura yake na za wanawe, kwamba miaka mitano si mingi. Jua lilishakuwa kali na kiatu changu kimoja kilikuwa kimebaki kwenye tope.

Mwishowe ilani ikaandikwa juu ya boneti ya bajaji. Mzee alikataa kuisaini. Mkewe ndiye aliyetoka jikoni, akafuta mikono kwenye kanga, akapokea karatasi na kusaini, kisha akatuambia, "Nyie nendeni, nitaongea naye." Mpaka naandika hivi, fensi ipo, lakini mchicha umeng'olewa. Sijui maana yake ni nini, na sitaki kubashiri.

Kikao cha kamati kule manispaa kilikuwa saa 5. Nilifika nimechelewa vibaya, nimevaa kandambili za kuazima, naomba radhi kuanzia mlangoni. Kumbe hakijaanza! Akidi haijatimia, na makabrasha ndiyo kwanza yanatoka kwenye mashine yana moto. Kabrasha nene namna ile ulipewe ukiwa unaingia, utalisoma saa ngapi? Tukakaa. Tukanywa maji ya chupa. Tukaelezana habari za mafuriko ya kila kata, maana mvua ile haikuchagua. Kilipoanza, wenzangu wawili walikuwa wanasinzia, na mimi ningekuwa wa tatu kama si njaa.

Ajenda ya taka ndiyo iliyonigusa. Mnaninung'unikia kwamba gari la taka halionekani, na tozo mnalipa. Taka zetu zinakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, na gari likitoka huku kwetu na foleni ya mjini hii, safari moja inakula nusu siku. Bado vichochoro vyetu gari haliingii, kwa hiyo vijana wa mikokoteni wanakusanya na kurundika barabarani wakisubiri gari. Mvua ikija, ule mrundo unaingia mtaroni. Nililiomba jambo la sehemu ya kukusanyia yenye ukuta, ndani ya kata, lijadiliwe kabla ya bajeti ya mwaka mpya wa fedha, ule unaoanza Julai 1. Limeingia kwenye kumbukumbu za kikao. Si ushindi, lakini jambo lisilo kwenye kumbukumbu haliwezi kuulizwa kikao kijacho, na mimi nitaliuliza.

Kuhusu barabara ya sokoni: barabara za mitaa zilihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilipoanzishwa mwaka 2017. Baraza letu linapendekeza vipaumbele, halina katapila. Barua ya kata imepelekwa na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ipo ofisini kwa mtendaji, anayetaka kuiona aende.

Mazishini nilifika watu wanarudi kutoka makaburini. Niliingia kwa wafiwa, nikatoa pole na ubani. Hapo hapo msibani, nikiwa nimekaa kwenye mkeka, kijana akanisogelea na kuninong'oneza: kikundi chao kimekosa mkopo, kwa nini nimekata jina lao?

Sikukata. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikarudi mwaka 2024, na tangu hapo uhakiki umekuwa mkali. Wa kuanza naye ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Nilimpigia palepale nje ya turubai. Tatizo la vijana wale ni dogo na linarekebishika: mmoja wao yupo kwenye kikundi kingine ambacho hakijamaliza deni. Walikuwa wanalijua. Kijana alitazama pembeni, halafu akacheka, nami nikacheka, ingawa tulikuwa msibani.

Baada ya hapo saa zilipotea. Kulikuwa na ugomvi wa baa moja na msikiti, muziki hadi usiku. Mkaguzi wa polisi wa kata yupo, tumekubaliana wakutane wote ofisini. Kulikuwa na bodaboda na bajaji wanaogombea kijiwe, nao walitaka nichague upande. Sikuchagua. Kuna mtu alinisimamisha gizani anipongeze kwa jambo ambalo, kwa kweli, alilifanya diwani wa viti maalum. Nikamwambia ampigie yeye. Nilifika nyumbani watoto wamelala na wali umefunikwa. Nilikula miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi.

Najua kuna watakaosema hii yote ni kujitetea. Labda. Lakini nilipokuwa nimesimama kwenye lile tope, huku nazomewa, nilijisikia kwamba ndiyo kazi yenyewe, na sitaki kazi nyingine kwa sasa. Muulizeni mume wangu kama anakubaliana.

Mambo ya kushika: Jumamosi saa 1 asubuhi tunazibua mtaro wa bondeni, kuanzia juu mpaka pale fensi inapoanza. Mkokoteni wa kubeba tope tumeshaupata, kwa hiyo safari hii halitaachwa kando ya mtaro lirudi na mvua. Saa 4, mkutano wa hadhara wa mtaa uwanja wa shule, ajenda ni ulinzi shirikishi na mapato na matumizi ya serikali ya mtaa. Njooni na maswali. Makoleo ya ofisi ni machache na mawili yamevunjika mpini. Mwenye la kwake aje nalo, aliandike jina.