Jinsi nilivyoacha kusahihisha nyaraka za kodi mara mbili

Nilidhani programu ya kodi ikisoma nyaraka yenyewe, kazi yangu itakuwa kubofya tu. Wapi! Nilikuwa nazipiga picha kwa simu, nazipakia, kisha kusahihisha kunachukua muda kuliko kuandika mwenyewe. Mara 8,310 imeingia kama 3,310. Mara nukta imepotea, 412.50 ikawa 41,250. Hiyo ya pili ilinitisha kweli, maana programu haikutoa onyo lolote.

Kumbe tatizo lilikuwa zile picha. Nikaanza kupakia PDF halisi, kama ilivyotoka kwa mwajiri au benki, ile ambayo maandishi yake unaweza kuyachagua kwa kipanya. Hapo programu haikisii umbo la tarakimu, inazisoma zilivyo. Za karatasi nazipitisha kwenye skana kwa dpi 300 (yaani nukta 300 kwa kila inchi, ili picha iwe wazi), zikiwa zimenyooka. Kisha nalinganisha jumla iliyoko kwenye waraka na jumla ya programu kabla sijaendelea.

Taarifa ya miamala ya hisa yenye mistari mingi sasa inaingia kwa dakika chache. Fomu ya visanduku vinne bado naiandika mwenyewe kwenye programu. Ni haraka zaidi.