Desiree Linden na barabara ya Boston

Muda bora kabisa ambao Desiree Linden aliwahi kukimbia marathon ni saa 2, dakika 22 na sekunde 38, na siku alipoupata alishindwa. Ushindi wake mkubwa kuliko wote ulikuja miaka saba baadaye, katika barabara ileile, kwa muda uliozidi huo kwa dakika 17. Wiki hii nimekuwa nikizitazama tena mbio hizo mbili usiku, baada ya shughuli za nyumbani kwisha, na kila ninapomaliza najiona sina budi kuandika machache juu ya mwanamke huyu, kwa maana sisi Wakenya tuliozoea kuhesabu nafasi tatu za kwanza na kuuliza ngapi ni zetu, mara nyingi hatumtazami Mmarekani anayemaliza wa nne au wa tano mwaka baada ya mwaka.

Alizaliwa mwaka 1983 huko Chula Vista, California, na wakati anaanza mbio alijulikana kama Desiree Davila. Alisoma Arizona State na hakutoka chuoni akiwa nyota. Alihamia Michigan, kwenye kundi la mazoezi la ndugu wawili, Keith na Kevin Hanson, wenye maduka ya viatu vya kukimbilia, ambao waliwachukua wakimbiaji waliopitwa na mikataba minono, wakawaweka pamoja na kuwafanyisha kazi ngumu ya kilomita nyingi. Marathon yake ya kwanza aliikimbia Boston mwaka 2007, na wala hakuna aliyegeuka kumtazama.

Tarehe 18 Aprili 2011 ndiyo siku tuliyolazimika kumtazama. Upepo ulivuma kutoka mgongoni kwa wakimbiaji, na kwa upande wa wanaume Geoffrey Mutai alimaliza kwa 2:03:02, muda ambao haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu njia ya Boston hutoka Hopkinton na kwenda upande mmoja tu, tena kwa mteremko mkubwa kuliko unaoruhusiwa. Katika mbio za wanawake, Davila alifanya jambo ambalo mpaka leo naliona la kishujaa: wenzake walipokuwa wakichomoka na kupunguza mwendo, wakichomoka tena na kupunguza tena, yeye alishika mwendo wake uleule, akaachwa nyuma, akawafikia, akaachwa tena, bila hata kuonekana kama ameingiwa na wasiwasi. Walipokata kona na kuingia mtaa wa Boylston, alikuwa na Caroline Kilel bega kwa bega. Davila alipita, Kilel akampita, Davila akapita tena, na umati wa pande zote mbili za barabara ukapandisha sauti kiasi kwamba mtangazaji hakusikika vizuri. Kilel alishinda kwa sekunde 2 na akaanguka chini mara tu baada ya kuvuka mstari, akiwa ametoa kila alichokuwa nacho, naye Sharon Cherop akafika sekunde chache nyuma yao. Nilimshangilia Kilel, na leo pia ningemshangilia. Hata hivyo, macho yangu hubaki kwa yule wa pili, aliyeinama akiwa ameshika magoti, kwa sababu najua atasubiri kwa muda mrefu.

Miaka iliyofuata haikumhurumia. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012 alijitoa kabla ya kilomita tano kwisha, kutokana na ufa katika mfupa wa paja. Boston alirudi mara kwa mara, akawa wa 10 mwaka 2014, wa nne mwaka 2015 na wa nne tena mwaka 2017, na katikati ya hayo akamaliza wa saba katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Baadaye mwaka 2017 aligundulika kuwa na tatizo la tezi ya shingoni, ugonjwa ambao humnyima mtu nguvu hata ya kupanda ngazi, achilia mbali kukimbia kilomita 42.

Ndipo ikafika tarehe 16 Aprili 2018. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa kishindo, baridi ilikaribia nyuzi 3, na safari hii upepo ulikuwa wa mbisho, ukiwapiga usoni tangu Hopkinton. Wakimbiaji waliozoea kukimbia na vesti nyepesi walivaa makoti, na Linden hakulivua la kwake hadi mwisho. Mapema kabisa alihisi mwili wake umekataa, akamwendea Shalane Flanagan na kumwambia kwamba huenda akajitoa, hivyo kama anahitaji mtu wa kumkinga upepo, yeye yupo. Flanagan ndiye aliyekuwa tegemeo la Wamarekani siku ile, kwani miezi mitano tu iliyopita alikuwa amemshinda Mary Keitany kule New York. Karibu na nusu ya njia Flanagan alikimbilia choo cha kando ya barabara na kutoka ndani ya sekunde zisizofika 14. Kundi la mbele halikusubiri. Linden ndiye aliyesubiri: alipunguza mwendo, akawa anageuka kutazama nyuma, na Flanagan alipotokea akamtangulia kumkinga upepo mpaka wote wawili wakalirudia kundi.

Kipande hicho nimekirudia mara nyingi kuliko kipande cha mwisho chenye utepe. Huyu ni mtu aliyepoteza Boston kwa sekunde 2, anayeijua thamani ya sekunde kuliko yeyote aliyekuwa barabarani asubuhi ile, na anazitoa kwa mwenzake bila kuombwa.

Mwili wake ukaanza kuamka. Mamitu Daska wa Ethiopia alikuwa amechomoka mbali, na Gladys Chesir wetu akimfuata, lakini katika vilima vya Newton baridi iliwamaliza nguvu wote wawili, na ilipofika kama kilomita ya 35 Linden alikuwa mbele peke yake. Alishinda kwa 2:39:54, Mmarekani wa kwanza kushinda mbio za wanawake za Boston tangu Lisa Larsen Weidenbach mwaka 1985, na aliyemfuata zaidi ya dakika nne nyuma alikuwa muuguzi wa dawa za usingizi kutoka Arizona, aliyejilipia ada ya kushiriki kama mtu mwingine yeyote. Wapo wanaosema kwamba hali ya hewa ndiyo iliyomshindia. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu hali hiyohiyo iliwakuta mabingwa wengi wenye muda bora kuliko wake, na wengi wao waliishia ndani ya mahema ya huduma ya kwanza.

Baada ya hapo angeweza kupumzika. Mwaka 2020, katika mbio za Atlanta za kuchagua timu ya Olimpiki, alikosa nafasi ya tatu kwa sekunde 11 tu, nafasi hiyo ikienda kwa Sally Kipyego, mzaliwa wa Kenya, kama alivyokuwa mshindi wa siku hiyo, Aliphine Tuliamuk. Mwaka uliofuata, huko Oregon, akawa mwanamke wa kwanza kukimbia kilomita 50 chini ya saa 3, kwa 2:59:54.

Asubuhi ya tarehe 21 Aprili 2025 alitangaza kwamba Boston ya siku hiyo ingekuwa marathon yake ya mwisho kama mkimbiaji wa kulipwa. Sharon Lokedi alishinda kwa 2:17:22 na kuivunja rekodi ya njia, nami nilifurahi kupita kiasi. Linden, akiwa na miaka 41, alimaliza kwa 2:26:19 na kupokewa Boylston kwa shangwe, mahali palepale Kilel alipompita. Wakimbiaji wetu wengi huondoka kimya kimya, wakiwa na goti bovu au mkataba uliokwisha, na sisi tunakuja kushtuka miaka imepita. Ningependa sana Caroline Kilel naye aagwe hivyo, katika mtaa ule, mbele ya watu walewale.