Kumbukumbu ya mradi wangu: kuchagua sanduku la barafu kwa kupima maji yaliyoyeyuka

Juma la kwanza

Nimeuanza mradi huu baada ya kambi ya usiku mbili ambayo, asubuhi ya mwisho, nilifungua sanduku la barafu na kukuta vifurushi vya nyama vikielea katika maji yaliyokwisha kupoteza ubaridi. Sikuwa na kipimajoto, kwa hiyo sikuwa na njia ya kujua kama nyama ile ingali salama, na kwa kuwa tulikuwa na watoto niliitupa yote. Sanduku lenyewe lilikuwa na kibandiko kilichoahidi kuhifadhi barafu kwa siku tatu. Nilipokisoma tena nyumbani niliona kwamba hakikutaja barafu ya kilo ngapi, joto la nje la kiasi gani, wala sanduku lifunguliwe mara ngapi kwa siku, na ahadi isiyokuwa na mambo hayo matatu haiwezi kumsaidia mtu kuchagua.

Ndipo nikaazimia kwamba sanduku nitakalolipakia garini safari ijayo litachaguliwa kwa vipimo nilivyovichukua kwa mikono yangu. Mahitaji yetu si makubwa: safari za gari za usiku mbili kwa watu wanne, pamoja na mandari za siku moja ambazo sanduku hubebwa kwa miguu kutoka garini hadi kivulini. Kiwango nilichojiwekea ni kile kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, yaani chakula kinachoharibika upesi kikae chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili.

Njia ya kupima ndiyo iliyonifurahisha kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu. Kilo moja ya barafu iliyofika nyuzi 0 hunyonya kilojuli 334 ili iwe maji ya nyuzi 0 vilevile, na hicho ni karibu kiasi kile kile cha joto ambacho kingeyapandisha maji hayo hadi nyuzi 80. Kwa hiyo, maadamu barafu ingalipo ndani, joto lote linalopenya kwenye kuta na mfuniko huishia katika kuyeyusha, nami naweza kulipima kwa mizani ya jikoni. Kila kilo ya maji ninayoyamwaga baada ya saa 24 ni sawa na takriban wati 3.9 za joto zilizokuwa zikiingia mchana na usiku bila kukoma. Sikuhitaji kifaa kingine zaidi ya mizani, ndoo, na kipimajoto chenye waya.

Nilikusanya vitu vitatu. Cha kwanza ni mfuko laini wa lita 20. Cha pili ni lile sanduku letu jepesi la plastiki la lita 40, lenye uzito wa kilo 3.6. Cha tatu ni sanduku zito la ujazo unaokaribiana na huo, nililoazima kwa jirani, lenye kuta za sentimita 5 zilizojazwa povu la poliyurethani, mpira wa kuzibia kuzunguka mdomo, na uzito wa kilo 11 likiwa tupu.

Juma la pili

Jaribio la kwanza liliharibika, nami naliandika kwa kirefu kwa sababu lilinifunza zaidi kuliko yale yaliyofanikiwa. Niliweka kilo 8 za barafu katika kila sanduku na kilo 3 katika mfuko, baada ya kuiacha barafu ianze kutoa maji kwanza. Barafu inayotoka moja kwa moja kwenye friza huwa na baridi ya chini ya nyuzi 0, nayo hunyonya joto kwa muda bila kutoa hata tone, jambo ambalo lingevuruga hesabu. Chumba kilikuwa na wastani wa nyuzi 28. Mfuko ulimaliza barafu yake yote ndani ya saa 12. Baada ya saa 24 sanduku jepesi lilitoa kilo 4.2 za maji, na lile zito likatoa kilo 4.0.

Sikuamini. Kuta zilizo nene karibu mara mbili hazingeweza kuleta tofauti ndogo namna hiyo. Nilikagua mpira, nikakagua kizibo cha kutolea maji, kisha nikakumbuka kwamba sanduku zito lilikuwa limeshinda katika buti la gari juani hadi nusu saa kabla ya jaribio, hali lile jepesi lilikuwa ndani ya nyumba. Plastiki nzito iliyopata moto ni akiba ya joto: kilo 11 za plastiki, hata kama ni upande wa ndani tu unaopoa sawasawa, zinaweza kuyeyusha zaidi ya kilo moja ya barafu kabla sanduku halijaanza kazi yake.

Nilirudia jaribio baada ya kuyapoza masanduku yote mawili kwa chupa za maji yaliyogandishwa usiku kucha. Safari hii lile zito lilitoa kilo 2.6, yaani takriban wati 10, na jepesi halikubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Tangu hapo halali sanduku lolote nyumbani kwetu katika mkesha wa safari bila chupa mbili tatu za barafu ndani yake.

Juma la tatu: mfuniko

Jambo lililonisumbua lilikuwa kwamba sanduku jepesi lilikuwa likipoteza zaidi ya nilivyotarajia kwa unene wa kuta zake. Niligonga kuta kwa kifundo cha kidole, nikasikia mlio mzito wa kitu kilichojazwa. Nilipogonga mfuniko ukalia kama debe tupu. Ndani yake hamkuwa na povu hata kidogo, bali tabaka mbili za plastiki na hewa katikati. Hewa iliyotulia kabisa ni kizuia joto kizuri, lakini katika uwazi mpana kama ule hewa huzunguka na kusafirisha joto kutoka tabaka moja hadi jingine. Yeyote anayekwenda kuchagua sanduku nampa ushauri huu kabla ya mwingine wowote: gonga mfuniko.

Badala ya kulitupa, niliamua kulitengeneza. Nilitoboa matundu sita ya milimita 8 upande wa ndani wa mfuniko kwa drili, karibu na kingo na katikati, kisha nikanunua kopo la povu la kupulizia, aina isiyotanuka sana, ile wanayotumia mafundi kuzungushia fremu za milango na madirisha. Povu la aina hii hukauka kwa kunyonya unyevunyevu, kwa hiyo likifungiwa mahali pasipo na unyevu hubaki bichi na la kunata kwa siku nyingi. Nilinyunyizia maji kidogo sana kupitia kila tundu kwanza, nikapulizia povu kidogo, nikasubiri saa kadhaa, nikanyunyizia tena, nikaongeza. Kazi hii ifanyike nje penye hewa, kwa glavu na miwani ya kinga, kwa maana povu bichi hudhuru mapafu na likigusa ngozi halitoki kwa sabuni.

Hata kwa uangalifu huo, katika tabaka la pili nilizidisha. Niliporudi baada ya saa mbili, mfuniko ulikuwa umevimba katikati kama mkate unaoumuka, na kona moja iliinuka kiasi cha kupitisha ncha ya penseli. Niliulaza haraka juu ya meza, nikaweka ubao juu yake na matofali manne juu ya ubao, nikauacha hadi kesho yake. Povu la ziada lilitoka kupitia matundu na kuganda kama uyoga mdogo wa rangi ya maziwa, nikalikata kwa kisu, nikaziba matundu kwa silikoni inayofaa kwa vyombo vya chakula. Kona ile ilirudi mahali pake, ingawa si kikamilifu.

Kipimo baada ya povu pekee: kilo 3.3 kwa siku. Kisha nilifanya jaribio la karatasi, ambalo ni kufunga mfuniko juu ya ukanda wa karatasi na kuuvuta polepole. Pale karatasi inapochomoka bila kukwama, hewa nayo hupita. Ilichomoka pande zote nne. Nilibandika utepe wa sponji wenye gundi kuzunguka mdomo wote, karatasi ikashika, na kipimo kikashuka hadi kilo 3.0. Kutoka 4.2 hadi 3.0 ni karibu wati 5 zilizozuiwa kwa kopo moja la povu na mita mbili za utepe.

Juma la nne: hesabu ya ndani

Nilikuwa nikiamini, kama watu wengi, kwamba adui mkubwa wa barafu ni watoto wanaofungua sanduku kila mara. Nilipopiga hesabu niliwaonea huruma, maana nimewakemea bure. Lita 30 za hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu, zikiingia na kupozwa, hudai takriban kilojuli 2, ambazo huyeyusha gramu 6 za barafu. Kufungua na kufunga upesi mara 20 ni gramu 120 tu, ingawa sanduku lililoachwa wazi wakati mtu anatafakari achague nini ni jambo jingine. Kinyume chake, chupa 12 za vinywaji za nusu lita zilizoingizwa zikiwa na joto la chumba hudai zaidi ya kilojuli 600 ili zifike nyuzi 4, na hizo ni kilo 1.8 za barafu, zaidi ya nusu ya matumizi ya siku nzima. Vinywaji na vipoozwe nyumbani. Nyama itakayopikwa siku ya pili igandishwe kabisa, ili nayo iwe sehemu ya barafu.

Kipimajoto chenye waya kilinionyesha jambo la pili. Barafu ikiwa chini na chakula juu, sehemu ya juu ya sanduku ilisoma nyuzi 9 ilhali barafu tele ingalipo chini. Nilipoipandisha barafu juu ya chakula, kwa kuwa hewa baridi hushuka, kila mahali pakawa kati ya nyuzi 1 na 4. Ni barafu ile ile na sanduku lile lile, ila mpangilio wa kwanza ulikuwa nje ya kiwango cha usalama. Nyama mbichi hukaa chini kabisa katika chombo kisichovuja, ili majimaji yake yasifikie kitu kingine chochote.

Kuhusu masanduku ya umeme sikukawia. Yale mepesi yanayochomekwa kwenye soketi ya gari ya volti 12 hutumia kanuni aliyoigundua mwanafizikia Jean Peltier mwaka 1834, ya mkondo wa umeme kuhamisha joto kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kwa kawaida hupoza nyuzi 15 hadi 20 chini ya joto lililopo nje yake. Ndani ya gari lenye nyuzi 40 chakula kitabaki kwenye nyuzi 20 au zaidi, na hiyo si hifadhi. Tena huvuta ampea 4 hivi muda wote, jambo linaloweza kumwacha msafiri asubuhi na gari lisilowaka. Jokofu dogo la kompresa ni chombo cha namna nyingine kabisa: hugandisha, hupumzika likishafikia baridi iliyowekwa, na mengi hujizima kabla betri haijaisha. Kwa anayesafiri majuma mazima mbali na mahali pa kupata barafu, ningemwelekeza huko bila kusita. Kwa usiku mbili, barafu inatosha.

Uamuzi

Nimelichagua sanduku jepesi lililotengenezwa, na sababu ni uzito. Kwa siku mbili linahitaji kilo 6 za barafu, nalo lenyewe sasa ni kilo 4, jumla kilo 10. Lile zito linahitaji kilo 5.2 za barafu juu ya kilo zake 11, jumla kilo 16.2. Tofauti ya matumizi ni gramu 400 kwa siku, kwa hiyo ningehitaji safari ya zaidi ya siku 17 ili uzito wa kuta zile nene ujilipe kwa barafu iliyookolewa. Ningelichagua zito kama safari zetu zingekuwa za siku nne au tano pasipo mahali pa kuongeza barafu, kwa sababu hapo nafasi ndani ya sanduku huwa na thamani kuliko mgongo wa mbebaji. Mfuko laini nimeubakiza kwa mandari za saa chache, na vinywaji vyetu husafiri humo, ili sanduku la chakula lifunguliwe wakati wa kupika tu.

Safari ya kwanza

Tuliondoka na kilo 7 za barafu, nyingi ikiwa katika mabonge makubwa niliyoyagandisha kwenye vyombo vya lita mbili, kwa kuwa bonge moja lina uso mdogo wa kupokea joto kuliko vipande vidogo vya uzito uleule. Sanduku lilikaa kivulini, likafunikwa blanketi, na lilihamishwa mara mbili kufuata kivuli. Sikumwaga maji yaliyoyeyuka, maana yangali na baridi ya barafu na hujaza nafasi ambayo vinginevyo hewa ya joto ingeingia. Chakula kilikuwa juu ya kichanja kidogo cha plastiki, hakikulowa.

Kipimajoto kilisoma nyuzi 2 usiku wa kwanza, nyuzi 3 mchana wa pili, na nyuzi 4 asubuhi ya tatu. Saa 4 asubuhi hiyo, baada ya saa 44, nilimwaga maji kando ya kambi na kuipima barafu iliyosalia kwa mizani ya kuning'iniza: kilo 1.1, bonge moja lililolainika kingo, likiwa limeganda na kifurushi cha mwisho cha nyama. Kona ile iliyowahi kuinuka ilikuwa na matone ya umande kwa nje, hapo tu na si kwingine. Juma lijalo nitaongeza tabaka la pili la utepe mahali hapo na kupima upya.