Neva Zinazokaza Mshipi

Wiki hii yote nimekuwa nikisoma kuhusu neva za gama, zile nyembamba zinazokaza vihisio vya ndani ya msuli, na leo siwezi kulala kabla sijaandika.

Ndani ya kila msuli, katikati ya nyuzi zinazovuta mzigo, mna vihisio vyembamba vyenye urefu wa milimita chache. Msuli ukinyooshwa, navyo vinanyooshwa, na habari inakimbilia uti wa mgongo kwa kasi inayoweza kufika mita 100 kwa sekunde. Hapo sikupata shida. Lakini msuli ukijikunja ukafupika, si kihisio nacho kitalegea? Wanaovua kwa mshipi hapa Kigoma wanajua: mshipi ukilegea, mgebuka atadonoa chambo na mkono usisikie kitu.

Mwili umelitatua hilo kwa amri mbili. Neva nene za alfa hukaza msuli wenyewe. Neva nyembamba za gama hukaza ncha mbili za kihisio, ili sehemu ya katikati, yenye kuhisi, ibaki imevutika. Lars Leksell wa Uswidi alionyesha mwaka 1945 kuwa nyuzi hizo nyembamba haziongezi nguvu ya msuli, ila huamsha kihisio. Baadaye Åke Vallbo, Mswidi mwenzake, alichoma sindano nyembamba mno kwenye neva za watu walio macho, akakuta vihisio vinaendelea kusema hata mtu anapokaza msuli kwa hiari yake. Amri hizo mbili huenda pamoja.

Takriban theluthi ya nyuzi za amri ziendazo kwenye msuli ni za gama. Theluthi nzima, na hazibebi hata kilo moja! Kazi yake ni kuufanya mwili uendelee kujisikia. Hilo limenigusa sana.

Leo pale Kibirizi nimewatazama wabeba mizigo wakipanda botini, gunia begani, macho mbele, ubao ukibonyea chini yao. Watu husifu vifua vyao. Mimi nimewasifu kwa magoti yanayojua yamekunjika kiasi gani bila kutazamwa. Paka waliopimwa wakitembea juu ya ubao mwembamba walionekana kuongeza kazi ya gama, kwa sababu njia ni ngumu. Baba mdogo alibeba mizigo gatini miaka mingi. Kesho nitamwomba anisimulie siku yake ya kwanza ubaoni, miguu ilikuwa inamwambia nini.