Mzee wa Santa Monica

Jumapili usiku

Umeme umerudi saa nne. Badala ya kulala nimevaa hedifoni, nikaifungua tena ile video ya Playing for Change, mradi unaorekodi wanamuziki wa nchi mbalimbali wakipiga wimbo mmoja.

Nimeiangalia mara nyingi mno, ila leo macho yangu yamebaki kwa mzee Roger Ridley. Amesimama barabarani kule Santa Monica, California, gitaa kifuani, anaimba Stand by Me kwa sauti nzito yenye mikwaruzo. Mark Johnson, mmoja wa waanzilishi wa mradi huo, aliisikia sauti hiyo akiwa mbali kidogo, akaifuata, kisha akarudi na vifaa vya kurekodia. Baada ya hapo akafunga safari ya nchi na nchi. Kila mwanamuziki aliyemfikia alivaa hedifoni, akawasikiliza waliomtangulia, ndipo akaongeza chake: Grandpa Elliott wa New Orleans na ndevu zake nyeupe, Clarence Bekker kule Amsterdam, waimbaji wa Afrika Kusini. Ridley alifariki 2005. Video ilitoka 2008. Kila nikikumbuka hilo naumia.

Baadaye ikazaliwa bendi ya jukwaani, na humo wamo Jason Tamba na Mermans Mosengo, Wakongo waliokuwa wakipiga Afrika Kusini na kundi lao la Afro Fiesta. Sisi wa Dar tuliolelewa na magitaa ya Kikongo, ya bendi ya Maquis na ya Remmy Ongala, hatuhitaji kuambiwa nani anapiga. Tamba anaingia katikati ya wimbo wa Kimarekani, nyuzi nyembamba zinaanza kuitikiana, na ghafla mabega yanacheza yenyewe. Hakuna aliyemmeza mwenzake.

Mwaka 2007 watu wa Playing for Change walianzisha mfuko wa hisani wa shule za muziki. Gugulethu, Cape Town, ipo Ntonga. Mali ipo ya Kirina, kijiji cha magrioti, wale ambao kuimba historia ni kazi ya ukoo, na watoto wanajifunza kora ya nyuzi na balafoni ya vibao vya mbao kwa watu wa hapohapo kijijini. Hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Misaada mingi niliyoishuhudia huja na maboksi na kamera, ikaisha siku hiyohiyo. Hapa fundi wa kijiji anabaki kuwa mwalimu, na mtoto anabaki na kitu mikononi ambacho hakiliwi kikaisha.

Shule niliyosoma mimi ilikuwa na kinanda. Kilifungiwa ofisini, kikatolewa siku za wageni tu. Miaka minne nilikipitia dirishani bila kukigusa. Gitaa nimejifunza ukubwani, vidole vimeshakakamaa.

Mtoto wa jirani, wa miaka tisa, husimama mlangoni kila nikianza kupiga. Haongei, anaangalia mkono wa kushoto tu. Siku zote nimekuwa nikimwambia asiguse, nyuzi ni ghali.

Kesho nikitoka kazini napitia Kariakoo kununua nyuzi za akiba. Halafu nitamwita aingie ndani.