Asubuhi Vilima Viliporudi

Mwaka nilipotimiza umri wa miaka 12, kiangazi kilitunyang'anya vilima. Kutoka dirisha la chumba nilicholala na mdogo wangu wa kike tulizoea kuviona kila asubuhi, lakini wiki baada ya wiki vilififia, vikawa kivuli, na hatimaye mahali pake pakabaki utando wa rangi ya majivu uliounganisha ardhi na mbingu bila mpaka wowote. Jua lilichomoza jekundu, halina miale, na adhuhuri anga ilikuwa nyeupe badala ya samawati.

Ule haukuwa ukungu wa baridi unaoyeyuka jua likipanda. Ulikuwa mchanganyiko wa vumbi na moshi wa nyasi zilizoungua mbali, nao haukuwa na pa kwenda. Baba alinieleza kwamba penye mgandamizo mkubwa wa hewa, hewa ya juu hushuka polepole, na kadiri inavyoshuka hupata joto hadi ikawa kama mfuniko juu ya hewa iliyo chini yake, hivyo vumbi na moshi hushindwa kupanda na kutawanyika. Neno hilo, mfuniko, lilinikaa kichwani. Usiku nililihisi kifuani.

Mdogo wangu alikuwa na pumu. Chembe zilizo ndogo kuliko mikromita 2.5 ndizo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi; kwa hiyo kilichomtesa hakikuweza kuonekana chembe kwa chembe, ingawa kwa wingi wake kilikuwa kimemeza vilima vizima. Mama aliagiza dirisha lisifunguliwe. Tukalala katika joto lililotuama, nami nikisikiliza pumzi yake ikipiga mluzi gizani na kuomba mvua kwa namna ambayo sijapata kuomba kitu kingine tangu wakati huo.

Ili kumliwaza, nilimchorea vilima kwa kumbukumbu. Nilichora safu mbili.

"Ni tatu, kaka," akasema.

Nilibisha. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba ni mbili, na karatasi ile ikabaki ukutani siku nyingi bila kusahihishwa.

Mvua ilitudanganya zaidi ya mara moja. Kuna jioni wingu lilikuja na michirizi ikining'inia chini yake, ikakauka hewani kabla ya kugusa ardhi. Siku nyingine yalianguka matone machache yaliyoacha madoa ya matope juu ya majani, kwa kuwa yaliteremka na vumbi lakini hayakutosha kuliosha. Matone yale niliyachukia kuliko ukavu wenyewe.

Siku mvua ilipokuja kweli, hatukuliona wingu, maana utando uleule ulilificha. Tuliona mmweko tu, saa za jioni, kisha ngurumo hafifu baada ya muda mrefu. Mama aliketi kati yetu kitandani akatufundisha kuhesabu: sauti hutumia takriban sekunde 3 kusafiri kilomita moja. Mara ya kwanza tulifika 24, yaani kilomita 8. Baadaye 15. Baadaye 9. Sikuwa nimejua hadi dakika ile ni kitu gani hasa nilichokikosa katika kiangazi kizima. Nilidhani ni maji, au ubaridi. Kumbe nilikuwa na kiu ya umbali, ya kujua kwamba kuna mahali kwingine nje ya ule mfuniko. Macho yalikuwa yamenyimwa, na sasa masikio yalikuwa yakitupimia.

Upepo ulitangulia, wa baridi kiasi cha kushtua ngozi, kwani hewa inayopozwa na matone yanayovukizwa huwa nzito, ikaporomoka kutoka winguni na kutambaa mbele ya mvua. Ulikuja na vumbi, ndiyo maana Mama alitukataza kugusa dirisha. Tulingoja. Matone makubwa yakaanza kugonga paa moja moja, kisha sauti zake zikaungana, na hapo tu ndipo alipolifungua. Ikaingia ile harufu ya ardhi kavu inayonyeshewa, ambayo miaka mingi baadaye nilisoma kuwa mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina la petrikori. Usiku ule haikuhitaji jina. Mdogo wangu aliivuta hadi mwisho wa pumzi yake, akaiachia bila kukohoa.

Ilinyesha hadi karibu na alfajiri. Baba alikuwa ameweka uani kopo lenye pande zilizonyooka, na rula ilipotumbukizwa ilionyesha milimita 31, ambazo ni lita 31 kwa kila mita moja ya mraba. Chini ya maji hayo kulikuwa na tope laini la kahawia: vumbi ambalo matone yalikuwa yameligonga njiani na kushuka nalo.

Mimi sikuona alipolipima. Nilikuwa bado usingizini mdogo wangu aliponitikisa bega.

"Kaka, amka uhesabu."

Anga ilikuwa samawati hadi ukingoni. Vilima vilisimama karibu mno, kila mti ukionekana peke yake, na nyuma ya safu mbili nilizozikumbuka ilikuwapo nyingine, nyembamba, iliyokolea buluu. Nilibandua karatasi ukutani, nikampa penseli, akaichora mwenyewe.